Kona ya Tano

Kalamu nyekundu ilikaa ndani ya kikombe kilichovunjika mkono, juu ya meza ya Bi Ramani, na katika yadi nzima ya malori hapakuwa na mtu aliyethubutu kuigusa. Jina hilo la Bi Ramani alipewa na madereva, maana kazi yake ilikuwa kuwachorea njia. Dereva akitaka kuvuka mlima na trela nyuma, kwanza anakwenda kwa binti huyu, anaketi kwenye benchi na kungoja karatasi. Karatasi ina safu tatu: kilomita, gia, mapumziko. Wapi upande na gia ipi, wapi usimame ili breki zipoe, kona gani uichukue kwa upana ili trela lisije likakwangua ukuta wa mwamba. Na njia ikiwa haikufai, Bi Ramani anapiga mstari mwekundu toka juu hadi chini na kuandika neno moja kubwa: HAIPITI, na sababu kwa ufupi chini yake. Hapo mjadala umekwisha. Mlinzi hakufungulii geti hata umlilie. Kwa miaka sita alikuwa ameitumia kalamu hiyo mara kumi na moja, na mara zote kumi na moja alisema kweli.

Ijumaa hiyo, saa tano asubuhi, aliitumia mara ya kumi na mbili, na safari hii alidanganya.

Aliyekaa kwenye benchi alikuwa Seremala. Jamani, mtu mwenyewe alivyokuja amependeza! Shati limepigwa pasi, nywele zimechanwa, ila nyusi bado zina vumbi la mbao kama kawaida yake. Mkononi alishika orodha ya mizigo, kama Bi Ramani alivyomfundisha, kila kitu na uzito wake na mahali pake.

"Sanduku la randa na misumeno, kilo arobaini, mbele ya ekseli," akasoma. "Godoro, nyuma. Sufuria na vyombo, nyuma. Cherehani yako, kilo kumi na nne, mbele. Nimeifunga kwa kamba mbili isije ikatembea tukianza kupanda." Akainua macho, akatabasamu. "Na abiria mmoja, kiti cha mbele cha pikapu, kilo hamsini na nane."

"Nani kakwambia nina hamsini na nane?"

"Si nilikubeba siku ile ya matope? Mimi mkono wangu ndiyo mzani, Bi Ramani."

Siku nyingine angecheka mpaka machozi yamtoke. Leo alitazama chini. Alfajiri ya siku hiyo, akimwandalia baba yake chai, alikuwa ameuliza tena, na baba yake alikuwa amekataa tena.

Baba yake alikuwa dereva mstaafu, na madereva wote walimwita Mzee Gia Moja, kwa sababu miaka thelathini hakuwahi kuteremka mlima ule kwa gia nyingine. Mkewe alikwisha fariki, na mtoto wake alikuwa huyu mmoja tu. Seremala alipokwenda kumwomba binti, amefuatana na mjomba wake, Mzee aliwasikiliza kwa adabu, akawapa chai, kisha akauliza swali moja. Wataishi wapi? Seremala akaeleza kwa furaha. Amepata kazi ng'ambo ya mlima, miaka miwili, milango na madirisha ya shule mpya. Nyumba ipo tayari. Ameijenga kwa mikono yake juu ya trela: chumba, jiko, meza ya kukunja, dirisha upande wa mashariki. Wataikokota kwa pikapu mpaka huko.

"Nyumba gani hiyo inayoshikwa na gari kwa pini moja?" Mzee akauliza. "Mimi nimeona pini zikichomoka. Nimenusa breki zikiungua. Mwanangu hakai kwenye nyumba inayoweza kumkimbia."

Basi, kikao kikaishia hapo.

Bi Ramani alimjua baba yake. Mzee alikuwa kama injini ya zamani, hawaki ukizungusha ufunguo mara moja, lakini ukimpa muda anawaka. Alichohitaji ni wiki tatu. Wiki tatu za kumlainisha, chai kwa chai, jioni kwa jioni. Naye Seremala alishasema wiki iliyopita kwamba msimamizi wa kule angeweza kumngoja mpaka mwezi uishe. Tatizo ni kwamba Seremala akishika jambo hasubiri. Pikapu imejaa mafuta, nyumba imefungwa, kesho alfajiri anataka kuondoka, na anataka kuondoka naye.

Ndipo akili ikampeleka kwenye kile kikombe.

"Trela lako lina urefu gani?" akauliza, ingawa alijua.

"Mita sita na nusu, pamoja na mkono wa kukokotea."

"Haliwezi kupita."

Seremala alidhani anataniwa. "Acha bwana."

"Kona ya tano," Bi Ramani akasema, na sauti yake ilitoka kavu, ya kikazi. "Kona zote saba ni mbaya, lakini ile ya tano inajikunja kabisa. Trela linalozidi mita tano linakata kona kwa ndani. Gurudumu la nyuma linatoka nje ya barabara, na chini yake ni korongo. Wanasema wataipanua. Baada ya wiki tatu hivi."

Akachukua kalamu. Mkono haukutetemeka, na hilo ndilo lililomtisha baadaye kuliko kitu kingine chochote. Mstari ukashuka. HAIPITI.

Ndani ya droo, sentimita chache kutoka magotini mwake, ilikuwemo karatasi nyingine. Wiki iliyopita alikuwa amepanda mlima na lori la saruji, akashuka kona ya tano na kupima barabara kwa mkono wake huku dereva akipiga honi kwa kukosa subira. Trela la mita sita na nusu linapita, na nafasi ya mkono mzima inabaki. Alikuwa ameiandika njia yote, kila gia na kila kituo, na kwenye kilomita ya sabini, kando ya neno mapumziko, alikuwa ameongeza: chai, watu wawili. Karatasi hiyo alitaka kuitoa siku baba yake atakaposema ndiyo.

Seremala alitazama mstari ule kwa muda mrefu. Hakubisha. Angebisha, labda Bi Ramani angeanguka kifuani pake na kusema yote.

"Naweza kuikata," akasema ghafla.

"Kukata nini?"

"Nyumba. Mita moja na nusu ya nyuma ni jiko tu. Nikianza sasa hivi na msumeno, jioni nimemaliza. Jiko nitakujengea lingine huko huko."

Moyo wa Bi Ramani ulipasuka. Mtu yuko tayari kuikata nyumba aliyoijenga mwaka mzima, jiko alilolipima kwa urefu wa mikono yake yeye Bi Ramani ili asiinuke kwa vidole akitafuta chumvi, kwa sababu ya kona ambayo haina neno!

"Mbao utakata," akajibu, "chasisi je? Chuma cha chini ukikikata uzito wote unahama. Mtabinuka kwenye mteremko."

"Mtabinuka?" Seremala akarudia polepole. "Nani na nani?"

Bi Ramani alirudisha kalamu kikombeni.

"Kwa hiyo Mzee kakataa tena."

"Nipe wiki tatu. Wiki tatu tu, mpenzi. Barabara itapanuliwa, na Baba nitaongea naye, wewe niachie mimi."

Seremala aliikunja orodha yake ya mizigo mara mbili, halafu mara nne. "Sikutaka kukwambia, nisije nikaonekana nakusukuma. Msimamizi alipiga simu jana. Nisipofika Jumatatu asubuhi kazi anapewa mwingine. Huyo mwingine keshafika kule, amekaa na sanduku lake langoni. Sina wiki tatu. Nina siku tatu."

Hapa ndipo palipokuwa mahali pa kusema. Msomaji, hata wewe unapaona. Bi Ramani naye alipaona, akafungua mdomo, na droo ilikuwa pale pale magotini. Lakini Seremala akaendelea:

"Na usidhani nakulaumu kwa hiyo kalamu. Mimi nimezoea barabara tambarare, mlima siujui. Ungekuwa mtu mwingine kaniambia, ningekwenda kujionea. Wewe ukisema haipiti, haipiti. Nakuamini kuliko macho yangu."

Mdomo ukafungwa. Angeanzaje? Aseme, "Nimekudanganya kwa kalamu ambayo madereva wote wanaikabidhi roho zao"? Aibu ilimzidi. Na nyuma ya aibu kukaja wazo jingine la kijinga, wazo la mtu anayezama: nyumba ikibaki hapa, mwenye nyumba atairudia.

"Niandikie njia ya pikapu peke yake," Seremala akasema. "Nikiondoka sasa, nitavuka kabla giza halijaingia."

Akaandika. Alihisi kila neno likimtoka mwilini. Jaza mafuta kabla ya daraja, juu hakuna kituo. Kona saba, gia ya pili. Ukungu ukishuka washa taa za chini. Kileleni usishike breki, shika gia. Kilomita ya sabini simama dakika arobaini, breki zipoe. Hapo ndipo penye mtandao wa simu, pengine pote hakuna. Baada ya hapo hakuna pa kugeuzia mpaka ng'ambo.

Kisha alisimama dirishani na kumtazama akiitenganisha nyumba na pikapu. Aliweka kabari kwenye magurudumu. Akazungusha jeki ya mbele mpaka mkono wa trela ukainuka, akachomoa pini, akafungua minyororo yote miwili na kuitundika vizuri, kama vile atairudia kesho. Akahamishia sanduku la randa kwenye pikapu. Godoro hakulichukua. Cherehani aliifungua kamba zake, akaileta ofisini mikononi na kuiweka sakafuni karibu na meza.

"Na ufunguo huu," akasema. "Ukipata mtu mwenye shida na nyumba, mpe."

"Usiseme hivyo. Utairudia."

"Niirudie ya nini? Niliijenga ya watu wawili. Mafundi kule wana bweni." Alimtazama usoni kwa yale macho yaliyozoea kutafuta nyufa kwenye mbao. "Nikuulize mara moja tu, halafu sitakuuliza tena. Kiti cha mbele kipo wazi. Unakuja?"

"Baba..." Bi Ramani akaanza.

"Haya."

Alimshika shavu kwa kiganja kilichojaa sugu, akakiacha hapo kidogo, akaondoka. Mlinzi akafungua geti. Ilikuwa saa saba mchana, na jua lilikuwa limemwagika yadi nzima.

Madereva waliokuja baada ya hapo walimkuta mwenye karatasi mbele yake, kalamu mkononi, haandiki. Mmoja alimtania kwamba leo Bi Ramani ndiye aliyechemsha injini. Alikuwa akihesabu. Sasa yuko darajani. Sasa kona ya kwanza. Alimjua mtu wake: kila alichomwandikia atakifuata kama alivyokiandika.

Saa tisa na nusu mlango ukafunguliwa, akaingia Mzee Gia Moja.

Bi Ramani alishtuka. Tangu astaafu baba yake hakuwa amekanyaga pale. Leo alikuwa amevaa viatu vyake vya kazi, vile vizito, na tochi imechomoza mfukoni mwa koti.

"Iko wapi hiyo pini?" Mzee akauliza.

"Pini gani, Baba?"

"Pini si pini! Nyumba ya kijana. Nimeshindwa kula mchana. Nikasema mimi dereva, nakataa gari ambalo sijalikagua? Nionyeshe."

Akampeleka. Mzee alilala chali chini ya trela na koti lake, akamulika, akagonga hapa na pale kwa ufunguo wa nyumbani, akaguna. Alitikisa minyororo iliyotundikwa. Alipotoka alikuwa na vumbi mpaka masikioni, na uso wake ulikuwa umelegea namna ambayo Bi Ramani hakuiona tangu mama yake akiwa hai.

"Kazi nzuri," akasema. "Alama za kutu zinaonyesha minyororo alikuwa anaipishanisha, ili pini ikitoka mkono wa trela usichome barabara. Nani kamfundisha?"

"Mimi."

"Na wewe nani kakufundisha?"

"Wewe, Baba."

Mzee alichungulia dirishani, akaliona jiko lile fupi. Akakohoa kidogo, akijifanya vumbi limemwingia kooni. "Sikuwa naogopa pini, mama. Nilikuwa naogopa kunywa chai peke yangu. Lakini hilo ni langu, si lenu. Mwambie kijana aje jioni tuongee. Pikapu yake iko wapi?"

Bi Ramani aliingia ofisini. Alirudi na ile karatasi ya asubuhi, akampa.

Mzee aliishika mbali na macho, akausoma mstari mwekundu, akasoma maneno machache yaliyo chini yake. Akasoma tena.

"Kona ya tano?" akauliza. "Mita tano? Mimi pale nimepita na trela la mita tisa, mvua inanyesha. Wewe mwenyewe ulikuwa umekaa kando yangu unakula biskuti."

Yadi nzima ilikuwa na kelele za injini na nyundo, lakini wao wawili hawakuzisikia.

"Umemdanganya."

"Nilitaka unisikilize kwanza. Nilitaka wiki tatu, Baba."

"Kwa kalamu nyekundu?" Hakupandisha sauti, na heri angepandisha. "Ungemwambia una homa. Ungemwambia baba yako ni mzee mjinga. Kwa kalamu nyekundu, mwanangu? Kesho ukimpigia mtu mstari, atajuaje kama ni mlima au ni wewe?"

Bi Ramani aliangalia saa ya ukutani kupitia mlango wa ofisi. Saa kumi kasoro dakika tano. Kilomita ya sabini. Dakika arobaini. Akaitoa simu, akapiga. Ikaita. Kwa mara ya kwanza tangu asubuhi alipata pumzi.

"Haloo," sauti ya Seremala ikasema, na upepo mwingi nyuma yake.

"Mpenzi, sikiliza, nina jambo la kukwambia, usikate..."

"Nimeipita kona ya tano," Seremala akasema.

Bi Ramani alishika ukingo wa trela.

"Nilisimama," akaendelea, taratibu. "Si kwamba nilikuwa na shaka na wewe. Nilitaka tu kuiona hiyo kona iliyoninyima nyumba yangu. Si unajua mimi futi kamba haitoki mfukoni? Nikapima. Nikaona nimekosea kupima. Nikapima tena. Mara ya tatu nikapima kwa hatua, kama mtoto, nikasema labda futi imekatika."

"Nisamehe. Nisamehe, nilikuwa nataka..."

"Nilikwambia nitakata jiko. Ukanitazama, ukaniambia habari za chasisi."

"Baba amekubali! Yuko hapa, amelala chini ya trela amekagua mwenyewe, anasema uje jioni. Rudi. Rudi usiku huu, kesho alfajiri tunaondoka pamoja na nyumba, Jumatatu utakuwa umefika. Njia ninayo, nimeiandika zamani, iko kwenye droo."

Upepo ulivuma kwenye simu. Bi Ramani alidhani mtandao umekatika, akaitazama, haujakatika.

"Ungeniambia huji, ningeumia, ningezoea," Seremala akasema. "Ungeniambia nisubiri na kazi niiache, huenda ningeiacha. Wallahi huenda ningeiacha. Lakini mlima huu ni mrefu, na mimi siujui, na wewe ndiye uliyeniandikia kila hatua. Tangu kona ya tano ninaendesha karatasi mkononi, kila mstari najiuliza huu nao ni wa kweli? Hii gia ya pili ni ya kweli? Unajua ilivyo kuteremka hivyo?"

"Ni za kweli zote. Naapa ni za kweli."

"Najua. Bado nazifuata, sina nyingine."

"Basi geuza. Nakuomba. Geuza urudi."

"Umeandika hapa baada ya kituo hiki hakuna pa kugeuzia mpaka ng'ambo," Seremala akasema, na sauti yake ilikuwa ya mtu aliyechoka sana. "Dakika zangu zimekwisha. Breki zimepoa."

Alisikia mlango wa pikapu ukifungwa. Alisikia injini ikiwaka. Kisha ile sauti ya kike inayosema mteja hapatikani, na akaisikiliza mpaka mwisho, mara tatu.

Mzee alikuwa bado amesimama kwenye jua, karatasi mkononi. Bi Ramani alifungua mlango wa nyumba kwa ule ufunguo, akaingia, akakaa kwenye godoro ambalo halikufunguliwa nailoni yake. Meza ya kukunja ilikuwa imekunjwa. Mbele yake lilikuwepo jiko, na rafu ya chumvi ilikuwa sawasawa na bega lake. Aliulaza uso magotini akalia bila kujizuia, na madereva waliopita walipunguza sauti zao.

Nje, baba yake alizunguka trela mara moja, kama alivyozoea kufanya kabla ya safari. Akaziangalia kabari. Kisha akaokota jiwe kubwa kando ya ukuta, akainama kwa shida, akalisukuma nyuma ya gurudumu, ingawa nyumba ile haikuwa na pa kwenda.